Sufuria ya Nakundwa na Sindano Sitini

Kama unakohoa na wiki ya tatu imeingia, weka karatasi hii chini, nenda kapime makohozi, halafu urudi tuongee. Sikuandikii ili usome ukiwa umejilaza, unajidanganya kwamba ni vumbi. Mimi nilijidanganya miezi minne kwamba ni vumbi la mfereji. Na yuko mtu aliyekaa na kikohozi chake nyumbani kwa sababu yangu, na huko mbele utaona ilivyomgharimu.

Naitwa Zefania. Watu wa Suji wananiita Baba Joeli, na kwa miaka mingi nilikuwa mgawa maji wa mfereji wetu. Huku milimani Upareni maji hayaji yenyewe. Yanatoka kijitoni juu msituni, yanalala kwenye ndiva, yaani bwawa la udongo tuliloachiwa na babu zetu, na asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mfereji ukijaa matope, pembe inapulizwa na kila nyumba inatoa mtu na jembe. Huo ndio msaragambo. Asiyekuja anatozwa faini, na asiyelipa faini kinachukuliwa kitu ndani ya nyumba yake mpaka atakapolipa. Aliyekuwa anakwenda kuchukua ni mimi, na kazi hiyo niliipenda kuliko inavyostahili kupendwa.

Mwaka huo, kabla ya vuli, Nakundwa hakuonekana mferejini siku tatu mfululizo. Alikuwa mjane, bado kijana, ana binti mmoja wa miaka minne anaitwa Esta. Nikaenda kwake na wanaume wawili. Tulimkuta amekaa mlangoni, amejifunga kanga mbili ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, Baba Joeli," akasema. "Kifua kimenibana. Nikiinama na jembe pumzi haiji."

"Marahaba. Kifua hata mimi ninacho," nikamjibu, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nakohoa tangu Septemba, na siku zote tatu nilikuwa nimechimba. "Umeshaniona nimelala?"

Nikaingia ndani nikachukua sufuria. Ilikuwa moja tu, ya alumini nzito, mdomo umebonyea upande mmoja na kitako kimezibwa kwa ribiti. Mnaoikumbuka miaka ile mnajua sufuria ilikuwa kitu gani. Duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Sabuni tulikuwa tunasimuliana tu. Mtoto Esta alinifuata mpaka kwenye migomba, ameshika koti langu kwa nyuma, anasema, "Baba, hiyo ni ya mama." Nilimbandua mkono. Wale wanaume wawili wakacheka, na mimi nikacheka.

Januari nikatema damu pale pale kwenye ndiva, mbele ya watu waliokuja kusubiri zamu zao. Hakuna aliyenishika. Walirudi nyuma hatua mbili, tatu, wakawa wanaangalia damu inavyoenda na maji kwenye mashamba yao. Ndugu yangu wa tumbo moja alinipelekea kigoda changu nje na kikombe changu cha bati, akasema kuanzia leo hivyo ni vyangu peke yangu. Aliongea kwa upole, ndiyo maana sikuweza hata kumtukana.

Nilishuka tambarare kwa miguu nikiwa nimeegemea bega la mke wangu, Mama Joeli, halafu tukapanda lori la mkonge mpaka hospitali ambayo sitaitaja. Kwenye benchi la kusubiria nilipewa kikopo cha makohozi na kikaratasi. Benchi lilikuwa la watu kumi. Nilipokohoa mara ya kwanza wakasogea. Nilipokohoa mara ya pili wakasimama, pamoja na mama mmoja mwenye mguu uliovimba kama gogo. Nilikaa pale peke yangu tangu asubuhi hadi saa nane mchana, upepo wa Same unaniletea mchanga mdomoni. Mwenye zamu ya kunionea huruma siku hiyo nadhani alikuwa amelazwa.

Nesi alisoma karatasi, akanitazama juu mpaka chini. "Mzee, umekuja na mifupa tu. Nyama umemwachia nani?"

Nilikuwa sijafika miaka arobaini na tano.

Dawa ilikuwa hivi: sindano sitini, moja kila siku, ukiwa umelazwa, pamoja na vidonge, baadaye vidonge peke yake ukiwa nyumbani miezi mingine mingi. Sindano zilikuwa za kuchemshwa, na zilikuwa zimechemshwa mpaka zimekuwa butu. Kufika sindano ya kumi sikuwa na mahali pa kulalia. Mkojo uligeuka mwekundu kama chai ya rangi, na hakuna aliyenionya, nikadhani sasa nakufa kotekote. Masikio yakaanza kulia. Nikisimama haraka, ukuta ulikuwa unanijia. Wewe utakayeanza dawa hizo, jua kwamba mkojo si kitu, na masikio mwambie nesi mapema.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mmoja kutoka Seiloni, kisiwa cha kusini mwa India, anaitwa Piyadasa. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya mkonge tangu ujana wake, na Kiswahili chake kilikuwa cha karakana. Wodini walimwita Kalasinga, ingawa hakuwa na kilemba wala ndevu. Alikuwa amekonda kuliko mimi. Kila asubuhi, kabla ya uji, aliketi kitandani, mgongo wima, macho amefumba nusu, mikono mapajani. Akikohoa alikohoa, akimaliza akarudi pale pale.

"Mzee, shikamoo. Unasali?" nikamuuliza siku ya tano.

"Marahaba. Nakaa," akasema. "Natazama pumzi ikiingia, natazama ikitoka. Kwetu watu wa Budha tunafanya hivyo."

"Pumzi yenyewe iko wapi ya kutazama?"

"Ile kidogo iliyobaki. Ndiyo inataka kutazamwa zaidi."

Mimi ni Mlutheri, nilibatizwa Suji na nitazikwa Suji. Lakini kwenye wodi ile hapakuwa na kazi nyingine isipokuwa kusikiliza nani ameacha kukohoa. Nikamwambia anifundishe. Akanieleza: fuata pumzi, akili ikitoroka, irudishe polepole. Basi, hayo tu. Neno "polepole" sikulisikia. Nilisikia "ikitoroka".

Mtu aliyetoza faini miaka kumi na tano anajua la kufanya na mtoro. Niliamua kwamba kila akili yangu itakapotoroka, nitaitoza. Ikitoroka mara moja, sili yai. Ikitoroka mara tatu, sili ugali wa mchana. Mke wangu alikuwa anashuka mlimani kila Jumapili na chakula, mayai ya kuchemsha, viazi, maharage, vitu alivyovitafuta kwa shida, na mimi nilikuwa navisukuma uvunguni mwa kitanda cha tatu, kwa jamaa mmoja wa Ndungu ambaye alikula bila kuuliza swali. Yule alinenepa vizuri sana. Mimi niliona nafanya kazi ya maana. Nilikaa wima mpaka jasho linanitoka, nimeuma meno, na nilipowaona wagonjwa wengine wamelala chali niliwaona wavivu.

Sindano ya kumi na saba, nesi akanipima uzito. Akapima tena. Akaita mwenzake.

"Huyu dawa inamkataa," mwenzake akasema, kama sipo.

"Dawa haimkatai," Mzee Piyadasa akasema kutoka kitandani kwake. "Angalieni jamaa wa Ndungu."

Waliponipa maneno yangu na kuondoka, mzee aligeuka ubavu, taratibu, maana kila kitu kilimuuma. Nilikuwa nimeshamsimulia habari za mfereji na pembe na faini, kwa majivuno.

"Zefania, mimi nilikwambia ukae. Wewe unapiga msaragambo humo ndani. Nani alikuteua mgawa maji wa kifua chako?"

Nikageukia ukutani.

"Furaha si mshahara wa kumalizia kazi," akaendelea. "Ni mafuta. Mashine isiyo na mafuta inakula vyuma vyake yenyewe. Kabla hujafuata pumzi, kumbuka jambo moja zuri ulilomtendea mtu. Moja tu. Lifurahie. Halafu ndipo uanze."

Nikafumba macho nikatafuta. Nakwambia ukweli, nilitafuta mpaka uji ukaja. Nilikumbuka mifereji niliyoizibua, mipaka niliyoiamua, wezi wa maji niliowakamata. Mtu niliyemtendea wema bila kumdai kitu sikumpata. Hilo liliniuma kuliko sindano, na sijui kama limewahi kuacha kuniuma.

"Basi anza na wa kumtakia heri," mzee akasema nilipomweleza. "Jitakie wewe. Niwe salama, niwe mzima. Ukishindwa, mtakie yule unayempenda bila kazi."

Nilimtakia ng'ombe wangu. Usicheke. Ng'ombe alikuwa na jicho zuri na hakuwahi kuchelewa msaragambo. Kutoka kwa ng'ombe nikaenda kwa Joeli mwanangu aliyekuwa shuleni Tanga, kisha mke wangu, na nikaanza kula. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niumwe nikamaliza sahani.

Jumapili iliyofuata Mama Joeli alikuja na ugali moto ndani ya sufuria, ameifunga kwa kanga. Alipoifungua niliona mdomo uliobonyea. Niliigeuza, nikaona ribiti.

"Unapikia hii?" nikamuuliza.

"Ile yetu imetoboka. Hii ilikuwa imekaa tu darini. Kula, ugali unapoa."

Nilikula. Lakini kesho yake asubuhi, nilipoketi, kila nikimtakia mtu heri nilimwona yule mtoto na mkono niliombandua. Nikamweleza Mzee Piyadasa mambo yote, na safari hii bila majivuno. Nilimwambia pia kwamba Nakundwa alikuwa anakohoa kama sisi.

Mzee alijivuta akaegemea mto. "Chini nati imelegea, juu unapaka rangi," akasema. "Huwezi kukaa juu ya kitu cha mtu ukaita ni utulivu. Rudisha sufuria. Na huyo mama aambiwe aje kupimwa, yeye na mtoto. Hiyo ya pili ndiyo ya haraka."

Sindano ya ishirini na nne niliandika barua. Nilimwandikia Nakundwa kwamba sufuria yake inarudi, kwamba nilimkosea, kwamba kikohozi chake ni ugonjwa kama wangu na una dawa, ashuke upesi na Esta wapimwe. Niliifunga kwa uji wa mhogo ili mtu asisome, nikampa Mama Joeli pamoja na maagizo ya sufuria.

Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo nilipokosea mara ya pili. Mwinjilisti wetu alikuwa anakuja wodini kila Alhamisi na kurudi Suji Ijumaa. Ningeweza kumwambia kwa mdomo: pita kwa Nakundwa, mwambie ashuke. Sikumwambia. Angeuliza ninajuaje anakohoa, na ningelazimika kusema nilikuwa mlangoni kwake nimeshika sufuria. Nilitaka wema wangu upite kimyakimya, ndani ya karatasi iliyofungwa.

Jumapili iliyofuata Mama Joeli alikuja na chakula kwenye bakuli. Jumapili iliyofuata, bakuli tena. Sikuuliza. Nikajua sufuria imerudi.

Basi furaha ikaja. Ilikuwa sindano ya thelathini na kitu, asubuhi, nimekaa kama kawaida, nikakumbuka jambo moja zuri nililomtendea mtu, na safari hii nilikuwa nalo. Pumzi ikawa laini. Joto likanipanda kutoka tumboni hadi usoni, nikaanza kutabasamu peke yangu na machozi yananitoka, jamaa wa Ndungu akaniuliza kama nimepata barua kutoka nyumbani. Mzee akaniambia nisiifukuze wala nisiishike, niiache ienee. Kwa wiki tatu niliishi hivyo. Niliwatakia heri watu wote: nesi wa sindano butu, ndugu yangu na kigoda chake, wale wa benchi. Uzito ulipanda. Nilimwona Nakundwa kwenye mawazo yangu anapika kwenye sufuria yake, mtoto yuko pembeni, nami nilimtakia afya na ilikuwa rahisi kama kumeza maziwa. Nilijiona mtu mpya kabisa. Siku hizo ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, na sijawahi kuweza kuzikumbuka bila kuona aibu.

Mzee alikuwa anashuka wakati mimi napanda. Dawa zilimchelewa. Siku moja, sauti yake imebaki ya kunong'ona, aliniuliza, "Sufuria, uliona kwa macho yako ikirudi?"

"Mzee, nimemtuma mke wangu."

"Barua ni karatasi. Ukitoka hapa, nenda kwa miguu yako."

Niliudhika. Niliona mgonjwa anamwonea wivu anayepona. Asubuhi ile nilimtakia heri kila mtu wodini isipokuwa yeye.

Alifariki sindano yangu ya arobaini na nane. Alikuwa amekaa wima, ndiyo maana walichelewa kugundua. Aliwahi kusema kwao maiti huchomwa, lakini hapakuwa na mtu wa kuchoma wala kuni za kupoteza. Watu wa shamba la mkonge alikofanya kazi hawakuja. Walio na makaburi ya Wakristo walisema si wetu, walio na makaburi ya Waislamu walisema si wetu. Wafanyakazi wawili wa hospitali walimzika nyuma ya mtaro, na mimi na jamaa wa Ndungu tuliangalia kutoka dirishani kwa sababu tulikatazwa kutoka. Kitanda chake kilipata mtu mwingine kabla ya chakula cha mchana.

Niliruhusiwa masika yanaanza. Nilipanda Suji na mfuko wangu wa vidonge, nikipumzika kila kona, mvua inanipiga na sikujali, nilikuwa nawaza nitakavyopokelewa. Nilifika saa tano asubuhi. Mama Joeli hakuwepo, alikuwa shambani. Jikoni, juu ya mafiga, kulikuwa na maharage yanachemka ndani ya sufuria ya Nakundwa.

Nilikaa chini nikaiangalia. Mama Joeli aliporudi na mzigo wa majani ya ng'ombe hakunisalimu. Aliona ninachokiangalia.

"Barua iko wapi?" nikamuuliza.

Akaingia ndani, akatoa kitabu cha nyimbo, akakifungua katikati. Barua ilikuwa humo, bado imefungwa.

"Ulitaka nimpe sufuria, wewe nikupikie kwenye nini? Kwenye kofia yako?" Akaniwekea barua mapajani. "Ulikuwa unakufa, Baba Joeli. Nesi aliniambia bila chakula hutoki pale. Chakula chote kilichokuponya kimetoka humo. Na barua nilijua ni ya kuomba radhi, nikasema watu wasije wakasoma kwamba mume wangu ni mwizi. Sikujua kuna habari ya ugonjwa. Ungeniambia."

Sikuwa nimemwambia. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka, nauona hadi leo ulivyokuwa hewani. Nilikuwa na hasira ya kumvunja mtu, na furaha yangu yote ya wiki tatu ilikuwa imegeuka matapishi kooni. Nikashusha mkono. Sikuushusha kwa wema. Niliushusha kwa sababu nilianza kukohoa.

"Nakundwa yuko wapi?" nikauliza.

Akaketi juu ya majani. "Yuko kwake. Mtoto walimzika Jumamosi ya juzi."

Sikuuliza mtoto gani. Nikamwaga maharage kwenye beseni, nikaiosha sufuria kwa majivu, nikatoka.

Nakundwa alikuwa amelala juu ya mkeka, mlango wazi. Kanga ilikuwa haijui imfunike wapi, alivyokwisha. Jikoni kwake kulikuwa na kopo la mafuta ya msaada, jeusi kwa moshi, ndilo alilokuwa anapikia. Aliniona, akaiona sufuria. Hakusema shikamoo.

Nilimwambia kila kitu, nimesimama mlangoni, kwa sababu hakunikaribisha. Nilimwambia habari ya barua, ya kitabu cha nyimbo, ya mwinjilisti niliyekataa kumtuma. Nilimwambia ugonjwa wake una dawa.

"Na wa Esta ulikuwa nayo?" akauliza.

Ningeweza kusema sijui. "Ilikuwepo," nikasema.

"Alikuwa anakuogopa," akasema. "Ukipita njiani anakimbilia uvunguni. Anasema yule baba atachukua na kopo."

Nikapiga magoti. Akasema, "Usipige magoti kwangu, unaziba mwanga." Halafu akaanza kukohoa, na nikaiona damu kwenye mkono wake.

Siku hiyo nilifanya kitu kimoja nilichokijua. Nilichukua pembe nikaipuliza. Watu wakatoka na majembe kwenye mvua, wakishangaa, si siku ya msaragambo. Nikawaambia mbele ya wote nilivyofanya, kuanzia sufuria hadi barua, wale wanaume wawili waliocheka nikiwatazama machoni. Nikawaambia tunataka machela na watu wanane. Wengine waliondoka. Waliobaki walikuwa sita, na mke wangu akawa wa saba, na wa nane nilikuwa mimi, nisiye na pumzi, nikashika mguu mmoja wa machela hatua ishirini, napumzika hatua ishirini. Tulimshusha hadi barabarani.

Alipokuwa anapandishwa kwenye lori aliniita. "Faini yako," akasema. "Utaniletea chakula mpaka sindano sitini ziishe. Kwenye sufuria yangu. Utabeba mwenyewe."

Nilibeba. Kila Jumatano na kila Jumapili, masika yote, na vidonge vyangu mfukoni, sufuria kichwani kama mwanamke, watu wanatazama. Mama Joeli alikuwa anapika na mimi nabeba, tukawa hatuongei zaidi ya chumvi na kuni. Ilituchukua mwaka kuongea. Nilipokuwa nakaa asubuhi, furaha haikuja. Nilijaribu kukumbuka ile sufuria kichwani kwangu kama jambo zuri, lakini lilikuwa ni deni, na mwenye deni hajifurahii anapolipa. Nikabaki na sehemu mbili tu za mafundisho ya mzee. Nisishike cha mtu. Nimtakie mtu heri hata moyo ukiwa mkavu. Hiyo ya pili niliifanya kama mtu anayemeza vidonge, bila kusikia ladha, kwa sababu muda wake umefika. Wa kwanza aliyekuwa mgumu alikuwa mke wangu. Kuna asubuhi nilitamka jina lake nimekunja ngumi. Nilitamka hivyo hivyo.

Siku ya sindano yake ya mwisho Nakundwa alikuwa amekaa nje ya wodi ya wanawake, mashavu yamerudi. Alikula chote nilichokileta, akaosha sufuria mwenyewe, akaifunga kwenye kanga yake.

"Imekwisha," akasema. "Sasa usinisalimie tena."

Miaka imepita. Ruksa ya biashara imekuja, na mitumba, na sabuni ya kila rangi. Sufuria zimerundikwa mnadani Same, zinang'aa, zimepangwa kubwa ndani yake ndogo, hakuna anayegeuka kuziangalia. Mimi siwezi kupita upande ule. Hospitali sasa wanachangisha watu gharama, na vijana wanafika na mifupa tu kama nilivyofika mimi. Wakinijia nawaambia waende. Wakisharudi na sindano zao nawafundisha kukaa, mwinjilisti akipenda asipende. Nawaambia wale mayai yao. Nawaambia akili ikitoroka wairudishe polepole, neno hilo nalisema mara tatu.

Ugawaji wa maji niliuacha. Mwaka ule ule, kwenye mkutano wa mfereji, Nakundwa alisimama. Mwanamke kusimama pale haikuwa kawaida, lakini hakuna aliyethubutu kumkalisha. Alisema maneno machache. "Anayekohoa aandikwe amekuja. Halafu pembe ipulizwe, abebwe." Ikapita, na hadi leo ndivyo tunavyofanya.

Tunakutana kila msaragambo. Anachimba kwa nguvu kuliko wanaume wengi. Mimi ni mkubwa wake kwa umri, na hajaniamkia tangu siku ile nilipofika na sufuria. Mwanzoni nilikuwa nasubiri. Nilikuwa nasogea karibu na alipo, nakohoa kohoa nisikike, nikitumaini neno moja tu. Siku hizi nachukua jembe langu nachimba mbali kidogo naye, nisimzibie mwanga.

Na kila asubuhi nakaa. Naanza na mimi, kama alivyonielekeza mzee. Kisha yeye Piyadasa, ambaye asubuhi moja nilimnyima. Kisha Mama Joeli. Kisha Nakundwa: awe salama, awe mzima, asinisamehe kama hataki. Wa mwisho ni Esta. Huyo hana haja tena na heri yangu, sina cha kumtakia. Namwona ameshika koti langu kwa nyuma, kwenye migomba, na pumzi ikiingia nasimama, na pumzi ikitoka nageuka, nampa sufuria.